Fagia

Mia mbili na kumi na nne.
Nimezihesabu mara mbili, usiku, stima imepotea,
kwa tochi ya simu iliyobaki asilimia tisa.
Blauzi, suruali, sketi za ofisi ambazo ofisi zake sizijui,
na koti moja la theluji, zito kama deni.

Mama yuwaja Jumapili kutoka Faza,
ana miadi ya macho hospitali ya Makadara,
na kitanda chake kimo humu chumbani, naapa kimo,
chini ya belo mbili na nusu.

Hivi ndivyo mali inavyogeuka mzigo:
alfajiri, Kongowea, Mutunga akakata kamba,
nguo zikapumua, zikavimba, zikamwagika,
nasi tukaziingia kama kuku waliomwagiwa mtama.
Kamera nilipata mbili tatu.
Zilizobaki nilizichukua kwa kuwa mwenzangu alizitolea macho.

Kisha picha. Ukuta wa chokaa, dirisha la mashariki,
saa moja na nusu, kabla jua halijaanza kudanganya rangi.
Hanga moja tu, ya waya; imevaa kunishinda.
"Ipo?"
Ipo.
"Bei ya mwisho?" Nikataja.
"Na ya mwisho kabisa?"
"Nitakuja jioni."
Jioni za watu hao sijui huchwa wapi.

Safari hii nimeandika: NAMALIZA. Yoyote mia.
Wakaamka. Zubeda wa Mtopanga alitaka saba,
akalipia sita, ya saba akaomba iwe ya baraka.
Mwalimu mmoja wa Mikindani akabeba suruali zote za thelathini na nne,
rangi hakuuliza.
Alhamisi nikashuka hamsini.
Shungu wa bodaboda alipita mara nne, gunia kifuani,
akasema, "Dada, leo hata mie nanuka stoo."

Mfukoni mwa sketi nilikuta karatasi,
orodha ya sokoni, nadhani, kwa herufi zilizovaa vidoti,
mistari minne, wa tatu umekatwa.
Nilikaa nayo kuliko nilivyowahi kukaa na mteja.
Ni kitu gani hakikununuliwa?

Na koti?
Mombasa hii, Februari, jasho linapomtangulia mtu mlangoni,
niliandika kwa mzaha: "Kwa mwenye baridi yake."
Saa nne usiku akajibu mtu, jina Ndoro.
Hakuuliza ipo, hakuuliza mwisho ngapi.
Yuko zamu ya usiku ghala la samaki, Liwatoni,
nyuzi kumi na nane chini ya sufuri,
na koti la kampuni, asema, zipu ilikufa mwaka jana.
Akaja mwenyewe. Akalivaa papo hapo kizingitini,
akafunga mpaka kidevuni, akatulia,
jasho likimtiririka, anatabasamu
kama mtu aliyefika kwao.
Nilisema hamsini. Akatoa mia tano, chenji hakungoja.

Ijumaa nikafikia fagia yenyewe:
zilizotoboka, zilizokufa vifungo,
fulana za mbio ambazo hakuna aliyezikimbia hapa.
Gereji ya Mwakulomba wakachukua gunia zima.
Nikamtazama kijana akipangusa injini kwa hariri.
Sikusema kitu. Hariri nayo haikusema.

Jioni Zubeda akanitumia picha.
Kavaa blauzi ya kijani, kola ya maua, anaringa:
"Imenikaa kama nilishonewa!"
Nikaikuza kwa vidole viwili.
Ilishonwa kweli, Zubeda. Kwa fundi Athmani, Bondeni,
Idi ya mwaka juzi, na aliyepimwa ni mimi.
Ndiyo ile ya saba. Ya baraka.

Sasa kitanda kimeonekana.
Godoro lina mbonyeo wa belo, si wa binadamu;
nimelipigapiga, haliinuki.
Chumba kina mwangwi mdogo, kama kikombe kitupu.
Simu yatetema. Mutunga:
"Kesho nafungua ya watoto. Safi. Nikuwekee?"
Naisoma mto nimeubana kwa kidevu, foronya mkononi.
Jibu sijaandika.
Nimeinama tu,
napima uvungu kwa macho.